Waya Hupimwa Ukiwa na Mzigo

Mimi ndiye niliyeiunguza ile kompyuta. Naanza hapo kwa sababu shuhuda nyingi ninazozisikia kanisani kwetu, hapa Manika mjini Kolwezi, huanza na adui: mchawi, jirani mwenye kijicho, bosi asiye na huruma. Ushuhuda wangu hauna adui. Una mashine ya kuchomelea vyuma, gari la watu, na fundi wa miaka thelathini na minane aliyejiona ameshamaliza kujifunza.

Ufundi niliupata kwa mjomba wangu, chini ya mwembe, kwenye Land Cruiser za zamani zenye injini ya 1HZ. Ni dizeli ya lita 4.2 isiyojua hila. Waya mmoja wa umeme unafika kwenye pampu ya mafuta. Ukipata umeme injini inawaka, ukiukosa inazima. Mengine yote ni chuma, mafuta na masikio ya fundi. Mjomba alikuwa akiweka bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, kisha anataja ugonjwa. Nami nikajifunza hivyo hivyo, na kwa miaka kumi na mitano mkono wangu ulilisha nyumba.

Mji ukabadilika nikiwa nimeinama chini ya boneti. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa, Kolwezi ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Lualaba. Migodi mikubwa ikapanuka, kila mmoja na makampuni madogo yanayouhudumia: ya usafiri, ya ulinzi, ya chakula, ya kuchoronga miamba. Sheria ya mwaka 2017 ikataka kazi hizo ndogo zipewe makampuni ya Wakongomani, na kila kampuni ikanunua magari. Hayakuwa magari ya mjomba. Yalikuwa pikapu ambazo kompyuta ndiyo inayoamua ni kiasi gani cha dizeli kiingie kila silinda, na kwa wakati gani. Sisi Kolwezi, kwa Kifaransa chetu cha garaji, kompyuta hiyo tunaiita kalkulata. Nilikuwa nimeiona mara nyingi: kisanduku cha aluminiamu chenye soketi mbili kubwa. Nilikuwa nikikipanguza vumbi.

Agosti 2018, vumbi la kiangazi likiwa limetanda mpaka kwenye majani ya miembe, ililetwa pikapu ya kampuni moja ndogo ya usafiri. Magari yanayoingia migodini hubeba fimbo ndefu yenye bendera juu, ili dereva wa lori kubwa la mgodi aone kwamba kuna kidudu mbele yake. Chuma kinachoshikilia fimbo hiyo, nyuma kwenye bodi, kilikuwa kimepasuka. Kazi ya dakika tano, dola kumi. Kibanio cha mashine ya kuchomelea nilikibana mbele, kwenye bampa, kwa kuwa hapo palikuwa na chuma kisicho na rangi. Nikaenda nyuma, nikachomelea.

Dereva akaingia, akazungusha ufunguo. Dashibodi iliwaka, stata ikazungusha injini, injini ikazunguka na kuzunguka bila kushika. Ile taa ya injini, ambayo ufunguo ukifunguliwa lazima iwake kwanza, haikuwaka kabisa. Siku hiyo sikujua maana yake. Leo najua: kisanduku kimekufa, hakuna aliyebaki wa kuiwasha.

Nilichopaswa kufanya naweza kukisema kwa pumzi moja. Ondoa nyaya zote mbili za betri. Chomoa soketi za kalkulata. Bana kibanio karibu kabisa na mahali unapochomelea, umeme upite njia fupi na kurudi. Mimi niliuacha usafiri kutoka nyuma mpaka bampa ya mbele, upite kila palipopitika, na katikati ya njia kulikuwa na kisanduku kilichoumbwa kwa volti tano na ishara ndogo ndogo.

Mwenye gari hakunipiga wala hakuniita majina. Alipiga hesabu. Kisanduku kingine kutoka nje, mtu wa kuja kukiandikia namba za gari, siku ambazo gari lilikaa bila kazi: dola 1,800. Tuliandikiana mbele ya mkuu wa mtaa nikatia sahihi. Kisanduku kilichokufa nikapewa mimi. Nimekilipia, ni changu.

Sitaeleza kwa urefu yaliyofuata, maana kila anayesoma ameona deni linavyoingia kwenye nyumba. Mashine ya kuchomelea iliondoka kwa dola 350. Kiwanja tulichokuwa tumeanza kukijengea kikaondoka na matofali yake. Tukahamia chumba kimoja, watu sita. Mke wangu akaanza kuuza makala, yaani mkaa, kwa vikopo, na jioni nilimkuta amekaa mlangoni akijisugua vidole kwa limau ili weusi utoke kabla hajasonga bukari, ugali wetu. Binti yangu wa kwanza, wa miaka kumi na minne, alikosa mwaka mzima wa shule. Wateja wangu hawakusema neno, walipita tu barabara nyingine. Fundi aliyeunguza gari la watu hahitaji kutangazwa redioni.

Basi nikaenda kubeba mifuko kwa wachimbaji. Hata huko nilichelewa. Machi 2018 tani moja ya kobalti ilikaribia dola 95,000 kwenye soko la dunia, na mjini kwetu vijana walinunua pikipiki mpya kama watu wanaonunua mkate. Katikati ya 2019 tani hiyo hiyo ilikuwa chini ya dola 30,000. Bei inayoamuliwa London ilishuka mpaka kwenye bega langu: mfuko ule ule, uzito ule ule, malipo nusu. Kutwa nzima nilibeba, jioni nikagawanya: hii ya deni, hii ya unga, na hii, ambayo mara nyingi haikuwepo, ya mtoto.

Tarehe 27 Juni 2019 ardhi iliporomoka kwenye shimo moja kubwa karibu na Kolwezi, ikafukia wachimbaji zaidi ya 40. Sikuwa upande ule siku hiyo. Siwezi kusema Mungu aliniondoa mimi akawaacha wao. Ushuhuda wa namna hiyo unanishinda mdomoni. Ninachoweza kusema ni kwamba usiku ule mke wangu hakulala, na alfajiri aliniambia maneno mawili tu: "Usirudi, Papa." Sikurudi.

Wiki ya pili ya Julai nilikwenda kitongoji cha Luilu kumwona mzee mmoja niliyemfahamu kwa sura. Ujana wake wote aliutumia kama fundi umeme wa mgodini, kwenye mitambo na mota. Nilikwenda kumwomba kazi ya kubeba vitu vyake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Wewe ni mekanisie. Volti ni nini?"

Nilikuwa nimetumia neno hilo miaka kumi na mitano. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu.

"Umebeba mifuko," akasema. "Sasa sikiliza. Ampea ni idadi ya wabebaji wanaopita njiani. Volti ni njaa inayowasukuma. Omu ni ubaya wa njia: matope, mawe, daraja lililovunjika. Njaa ikiwa kubwa na njia nzuri, wanapita wengi. Njia ikiharibika, hata njaa iwe ile ile, wanapita wachache, na njaa yote inaishia kwenye matope." Akanyamaza kidogo. "Kazi ya fundi ni kutafuta njaa inaishia wapi."

Yale maneno niliyaelewa kwa mabega kabla ya kuyaelewa kwa kichwa.

Siku ya tatu alinipeleka kwa jirani yake mwenye Land Cruiser iliyokuwa ikisumbua. Stata ilikuwa ikizunguka kwa uvivu, na ukiwasha taa kubwa, mshale wa joto unapanda wenyewe. Walishanunua betri mpya. Walishabadilisha stata. Muzee, ndivyo nilivyomwita yule mzee, alinipa multimita, ya kisasa, ya namba. Ile yake ya zamani yenye sindano aliifungia sandukuni: "Hii inafaa kwa mota. Kwenye kompyuta inaweza kuvuta umeme mwingi kuliko ishara yenyewe. Na ile taa yenu ya kujaribia, yenye balbu, usiiguse huko kabisa." Kisha akaniambia nipime waya mnene unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye injini. Sisi tunauita waya wa masi.

Nikazima gari, nikaweka multimita kwenye omu, ncha moja huku na nyingine kule. Ikasoma karibu na sifuri. "Muzima," nikasema.

"Umempima akiwa amelala," akasema Muzee. "Hata mgonjwa akilala hakohoi. Weka kwenye volti. Ncha moja kwenye kichwa cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini. Mwambie mtoto awashe stata."

Mtoto akawasha. Kwenye kioo ikasimama 1.9.

Nilimwangalia Muzee. Waya mzuri, stata ikiwa inavuta, haufai kuacha hata nusu volti njiani. Huu ulikuwa unakula karibu mbili. Akanipigia hesabu kwa kidole vumbini: stata inavuta kama ampea 200. Ubovu wa mia moja ya omu, mara 200, ni volti mbili. Multimita ya mkononi haiwezi kuuona ubovu wa mia moja ya omu. Lakini stata inauona. Waya ukiwa hauna kazi, hata uzi mmoja wa shaba uliobaki unatosha kukudanganya kwamba njia ipo. Mpe mzigo ndipo atasema kweli.

Tulikata ganda la waya kwa kisu. Nje ulikuwa mweusi, laini, kama mpya. Ndani shaba ilikuwa imekuwa unga wa kijani. Mtu yeyote wa Kolwezi anaijua rangi ile: ndiyo ya malakiti, jiwe ambalo watu wetu hulichimba kwa kucha. Shaba iliyotoka ardhini kwetu, ikasafishwa, ikavuka bahari, ikavutwa ikawa waya, ikarudi nyumbani ndani ya gari, ilikuwa inageuka tena kuwa jiwe. Nilikaa na ule unga mkononi kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyodai.

Tukaweka waya mpya. Stata ikazunguka kwa kishindo. Mshale wa joto ukatulia mahali pake, kwa sababu umeme wa taa sasa ulikuwa na njia yake ya kurudi na haukuhitaji kuazima njia ya sensa. Jirani alilipa dola ishirini. Muzee akanipa zote. "Peleka kwenye deni," akasema.

Kuanzia hapo maisha yangu yalikuwa na zamu mbili. Mchana Luilu, au chini ya gari la yeyote aliyethubutu kuniamini. Usiku mezani na binti yangu. Alirudi shule Septemba hiyo, akachagua tawi la umeme, na sikumshawishi. Mimi Kifaransa changu ni cha sokoni, Kiingereza sina. Yeye alikuwa na kamusi ya kuazima na simu yenye kioo kilichopasuka. Tulipata michoro ya nyaya za Toyota, kurasa nyingi zilizopigwa picha mpaka herufi zikafifia. Mara nyingi umeme ulikatika tukiwa katikati ya mchoro. Mto Lualaba unazungusha mitambo ya Nzilo na Nseke, hapa hapa kwetu, na sisi tulikuwa tunasoma habari za umeme kwa mshumaa.

"Papa, hapa wameandika W-B."

Ilituchukua wiki nzima. Kila mahali palipoandikwa W-B mchoro ulikuwa unaishia kwenye alama ya masi. Asubuhi nilifungua gari, nikatafuta: waya mweupe wenye mstari mweusi. Ukienda kwenye Toyota yoyote, huo mweupe wenye mstari mweusi ndio unaokwenda kwenye masi. Kisha tukakwama kwenye L. Tulidhani ni jina la taa. Binti yangu ndiye aliyegundua: L ni buluu, kwa sababu B imeshachukuliwa na nyeusi. Alicheka mpaka mama yake akaamka. Mimi nilimwona mtoto aliyekosa shule kwa ajili ya kosa langu akinifundisha kusoma, nikageuza uso ukutani.

Msidhani nilipanda moja kwa moja. Mwaka 2020, wakati wa korona, migodi iliwafungia wafanyakazi ndani na magari yao, mjini wateja wakawa wa kuhesabu. Nikanunua kidude cha dola kumi na tano, kile kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu. Wenye vikubwa wanavyo vya kubeba kwenye sanduku, ndiyo maana mjini kwetu kifaa hicho tunakiita valizi. Changu kilikuwa valizi ya mfukoni. Gari la kwanza lilinipa namba P0193: sensa ya mgandamizo wa mafuta kwenye reli, ishara iko juu mno. Nikafurahi kama mtu aliyepewa jibu la mtihani. Nikanunua sensa mpya kwa dola sitini, ambazo zilikuwa ada ya muhula wa binti yangu, nikijua mwenye gari atanirudishia jioni.

Nikaweka sensa. P0193 ikarudi.

Nilimpelekea Muzee aibu yangu. Aliuliza swali moja: "Sensa ina nyaya ngapi?" Tatu: mmoja unaleta volti tano, mmoja unarudi masi, mmoja unapeleka ishara. "Ule wa masi ukikatika, ishara itakwenda wapi?" Nikasimama. Itapanda juu, mpaka karibu na tano. Kompyuta haikusema sensa imekufa. Ilisema: ninaona volti nyingi kwenye waya huu. Maneno ya kifo niliyaongeza mimi. Waya wa masi ulikuwa umekatika sentimita kumi nyuma ya soketi, ulipokuwa ukisuguana na kishikizo. Mwenye gari alinilipa kazi, ila sensa hakuihitaji. Ninayo mpaka leo. Muhula ule mke wangu alilipa ada kwa makala.

Deni lilikwisha Desemba 2020. Mwenye gari alichana karatasi mbele ya mkuu wa mtaa, tukapeana mkono, na sikuhisi furaha niliyokuwa nimejiahidi. Nilihisi njaa, nikaenda nyumbani kula.

Mlango wa migodini ulibaki umefungwa, kwa sababu getini wanataka cheti, hawataki hadithi. Mwaka 2022 nilipanda basi, kilomita 300 hivi, kwenda Lubumbashi kufuata mafunzo ya muda mfupi INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa 1964. Nilikaa benchi moja na vijana walioniita "Papa" wakidhani nimekuja kumtafuta mtoto wangu. Hapo ndipo nilipoona kwa macho kitu ambacho nilikuwa nakijua kwa kusimuliwa tu. Mwalimu aliunganisha osiloskopu kwenye nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, na kwenye kioo yakatokea mazungumzo ya kompyuta za gari.

Mfumo huo unaitwa CAN, ulitangazwa na Bosch mwaka 1986. Badala ya kila kifaa kuwa na waya wake kwenda kwa kila kifaa kingine, kompyuta zote zinazungumza kwenye nyaya mbili. Zikinyamaza, kila waya unakaa kwenye volti mbili na nusu. Kompyuta moja ikitaka kusema, waya mmoja unapanda mpaka tatu na nusu, mwenzake anashuka mpaka moja na nusu, kwa pamoja, kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa kupokezana. Katika kila mwisho wa njia hiyo kuna rezista ya omu 120, ili ishara isigonge ukuta na kurudi kama mwangwi. Ukizipima mbili kwa pamoja, gari likiwa limezimwa, unapata 60. Niliandika 60 kwenye kiganja changu kwa kalamu, kama mtoto.

Cheti kilinifungulia geti dogo, si kubwa. Lakini nataka niwape mfano mmoja wa mwaka 2023, kisha ninyamaze.

Dereva mmoja wa Tanzania alikwama na lori lake kwenye maegesho nje ya mji. Alikuwa amepakia mabamba ya shaba, yenye safari ndefu mbele yake: Kasumbalesa, Zambia, mpaka bandari ya Dar es Salaam. Dashibodi yote ilikuwa inawaka kama harusi, na injini ilikataa. Siku tatu mafundi wawili walishampitia na wote wakasema neno moja: kalkulata. Maelfu ya dola. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kabini, simu mkononi, macho ya mtu ninayemjua. Nilimjua kwa sababu 2018 nilimwona kwenye kioo.

"Shikamoo fundi," akaniambia, akiona mvi zangu.

Nikamwuliza masi yake iko wapi. Akanitazama. "Misa ya kanisani?" Nikamwonyesha waya mweusi wa betri. "Aaa, ethi!" Tukacheka wote wawili. Kiswahili chetu ni kimoja mpaka kifike kwenye betri.

Lori ni volti 24, betri mbili zimefuatana. Nilipima nikiwa nimewasha taa zote, mzigo ukiwa juu yake: ziko sawa, masi iko sawa. Basi nikazima, nikaondoa betri, nikaenda kwenye soketi ya kupimia, tundu la sita na la kumi na nne, ndipo CAN ilipo. Multimita ikasoma 120.

Sikusema kitu kwa dakika nzima. 120 maana yake ni kwamba ninaona rezista moja tu. Ya pili ipo, lakini njia ya kwendea imekatika. Kompyuta hazikufa; zimetenganishwa, kila upande unaita na hausikilizwi. Nikafuata fungu la nyaya kwa mkono, sentimita kwa sentimita, kutoka kabini kushuka kwenye chesisi. Kando ya sanduku la betri kibanio cha plastiki kilikuwa kimedondoka zamani. Nyaya zilikuwa zimelalia chuma, kilomita baada ya kilomita, na mvuke wa betri ukiingia. Kwa nje mchubuko mdogo kama wa kucha. Nikaukunja ule waya, ganda likafunguka. Kijani.

Nilikata kipande kibovu, nikaunga kwa risasi, nikavalisha mpira wa kubana kwa moto, nikazisokota tena zile nyaya mbili kama zilivyokuwa, kwa sababu msokoto wenyewe ndio unaozikinga na kelele za umeme mwingine. Nikafunga kibanio kipya. Nikapima: 60. Nikarudisha betri, nikamwambia: "Kaka, washa."

Aliwasha. Alikaa kwenye usukani bila kushuka, injini ikinguruma, mikono yote miwili imeshika usukani. Alinilipa dola themanini, akasali kwa njia yake, mimi kwa yangu. Kisha akaondoka na shaba yetu. Nikalitazama lori mpaka likamezwa na vumbi, nikijua kwamba sehemu ya mzigo ule siku moja itarudi hapa ikiwa nyaya, na mtu ataniletea zilizooza.

Leo nina garaji ndogo na wanafunzi watatu. Binti yangu amemaliza mtihani wa Taifa. Kiwanja hatujakipata tena, na mwaka wake wa shule hakuna aliyeurudisha. Mungu nimemshukuru kanisani, na ninamshukuru hapa, lakini sisemi kwamba hasara ile ilikuwa baraka. Ilikuwa hasara. Kisanduku cha aluminiamu kimetundikwa ukutani juu ya meza ya kazi, na kijana yeyote anayetaka kuchomelea kwenye gari hukishika kwanza.

Wiki iliyopita mdogo wao alikuwa akipima waya wa masi wa pikapu. Gari limezimwa, multimita kwenye omu, kichwa kimeinama kwa bidii. Akainuka, akanipungia mkono. "Patroni, eko muzima!"

Nilikuwa ninakunywa chai. Sikuinuka.

"Washa taa kwanza," nikamwambia. "Halafu umuulize tena."